Waliomaliza Ensaiklopidia, na Ensaiklopidia Zisizomalizika

Ensaiklopidia haiandikwi ili isomwe kama riwaya. Mtu huiendea na swali lake, akafungua juzuu moja, akapata alichokitaka, akairudisha rafuni. Waandishi wake wenyewe hawatarajii zaidi ya hapo. Hata hivyo, tangu zamani wamekuwapo watu wachache walioanza ukurasa wa kwanza wa juzuu ya kwanza na hawakunyanyuka hadi wakalifikia neno la mwisho, au angalau ndivyo walivyosema. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mwamuzi kando yake, ameshika saa na kalamu. Mashindano haya ni ya kuaminiana, na ninapomtilia mtu shaka nitasema wazi.

Msomaji wa Pwani hatashangaa sana kusikia habari za kusoma kitabu kizima kwa mpangilio na kwa ratiba. Msikitini, katika Ramadhani, juzuu 30 za Kurani husomwa juzuu moja kila usiku hadi ikahitimishwa, na wako wanaohitimisha zaidi ya mara moja kwa mwezi. Tofauti ni kwamba huko kuna thawabu, kuna jamaa, na kuna futari. Wa ensaiklopidia hukaa peke yake na makala kuhusu magonjwa ya farasi.

Aliyetangulia

Wa kwanza ninayemfahamu ni Mfalme Taizong wa nasaba ya Song nchini China. Mwaka 977 aliwaamuru wanazuoni wake wakusanye maarifa yote ya vitabu vya kale mahali pamoja, nao wakaikamilisha kazi hiyo mwaka 983: sura 1,000, zenye herufi za Kichina kama milioni 4.7. Wafalme wengi wangekagua jalada, wakatoa zawadi na kuendelea na mambo mengine. Taizong alitangaza kwamba atasoma sura tatu kila siku. Maofisa wake waliingiwa na wasiwasi kwamba atajichosha, naye akawajibu kwamba hakuna anayefungua kitabu akakosa faida. Siku ambazo shughuli za dola zilimbana, deni lake alililipa siku zilizofuata. Kazi hiyo ikaitwa Taiping Yulan, jina linaloeleza kwamba mfalme mwenyewe ameipitia kwa macho yake.

Huyu namwamini, na sababu yangu ni hesabu. Sura 1,000 kwa tatu kila siku ni siku 334. Kila siku ni herufi kama 14,000, kazi ya saa moja au mbili kwa mtu aliyelelewa katika Kichina cha kale. Ratiba hiyo inawezekana, haina miujiza, na mpango wa kulipa deni la siku zilizopotea unaonyesha mtu aliyekuwa anasoma kweli. Anayedanganya hasemi kwamba kuna siku alizokosa.

Mwenye majigambo kuliko wote

Mwaka 1797 Fath-Ali Shah alikalia kiti cha ufalme wa Uajemi, na miongoni mwa zawadi alizopewa ilikuwamo seti nzima ya Encyclopaedia Britannica, toleo la 3, juzuu 18. Inasimuliwa kwamba aliisoma yote, kisha akajiongezea cheo kingine juu ya vyeo vyake vingi: Bwana Mkuu wa Kutisha, Mmiliki wa Encyclopaedia Britannica. Kwa majina ya kujipa hajapata mpinzani.

Kwa kusoma, ni shauri jingine. Shah huyu aliacha watoto zaidi ya 100, akapigana na Urusi mara mbili na kupoteza ardhi mara zote mbili, na alitumia muda mrefu mbele ya wachoraji, kwa sababu picha zake ni nyingi na katika kila moja ndevu zake zinafika kiunoni. Sijui angezipata wapi jioni za kusoma juzuu 18 zilizoandikwa Edinburgh. Cheo nampa, ubingwa naushikilia kwanza.

Toleo hilohilo la 3 ndilo lililotoa faida kubwa kuliko zote, na kwa kurasa chache mno. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika duka la mjalidi vitabu mmoja jijini London, kijana mwanagenzi aliyeitwa Michael Faraday alikuwa akisoma vitabu alivyopewa kuvijalidi. Alipokutana na makala ya Britannica kuhusu umeme, iliyoandikwa na James Tytler, alianza kujitengenezea vifaa vya majaribio kwa chupa kuukuu na mbao. Huyo ndiye baadaye aliyegundua njia ya kuzalisha umeme kwa sumaku, ambayo mitambo ya kuzalisha umeme inaitumia hadi leo. Hakusoma ensaiklopidia nzima. Alisoma makala moja, akaielewa.

Kapteni aliyefika Kilwa

Philip Beaver alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, na wanaoandika habari za maisha yake wanakubaliana kwamba katika safari yake mojawapo aliisoma Britannica yote, mwanzo hadi mwisho. Matoleo ya zama zake yalikuwa na juzuu 18 au 20, kila moja kubwa kama trei ya kubebea vikombe. Mtu hawezi kuisoma juzuu ya aina hiyo amelala kwenye machela ya meli. Inahitaji meza, taa isiyoyumba sana na bahari yenye huruma.

Kabla ya hapo Beaver alikuwa amepata somo gumu Afrika Magharibi. Mwaka 1792 alikuwa miongoni mwa Waingereza 275 waliokwenda kuanzisha makazi katika kisiwa cha Bolama, ambacho sasa kimo Guinea-Bissau. Walikwenda wakati wa mvua, bila nyumba, bila kujua wanachokifanya. Homa iliwafagia. Wengine wakarudi kwao, na Beaver akabaki na wachache hadi mwishoni mwa 1793 alipokubali kwamba mambo yamekwisha. Mwaka 1805 alichapisha kitabu kinene kuhusu mkasa huo. Kwa tabia hiyo ya kutoachia alichokianza, sioni ajabu kwamba herufi Z haikumshinda.

Kinachomleta karibu na sisi ni safari yake ya mwisho. Alipewa manowari iliyoitwa Nisus, akashiriki katika kutekwa kwa Mauritius mwaka 1810, kisha mwaka 1812 akaipeleka pwani ya Afrika Mashariki: Msumbiji, Nzwani katika visiwa vya Komoro, na Kilwa. Tunayajua hayo kwa sababu daktari wa meli, James Prior, aliandika kitabu cha safari hiyo kilichochapwa mwaka 1819, na Kilwa imo hata kwenye jina la kitabu, ikiandikwa Quiloa kama Wareno walivyoiandika. Kwa hiyo angalau mtu mmoja aliyesoma ensaiklopidia nzima aliwahi kutia nanga mbele ya magofu ya Kilwa Kisiwani, na ikiwa wakati huo alikuwa ameshaipita herufi Q, alikuja akidhani anapajua. Mji uliokuwa ukipokea dhahabu ya Sofala na kupiga sarafu zake wenyewe ulikuwa umebaki kivuli chini ya himaya ya Oman. Beaver alifariki Aprili 1813 kwenye ghuba ya Cape Town. Katika orodha yangu yeye ndiye bingwa wa baharini, na ninampa taji hilo bila kusitasita.

Wa barafuni wanamfuata. Mwaka 1934 Richard Byrd wa Marekani alikaa peke yake kwa miezi kadhaa ya baridi na giza katika kibanda kilichofukiwa barafuni Antaktika, na Britannica ilikuwa sehemu ya vitabu vyake. Nusura moshi wa jiko lake umuue kabla herufi hazijaisha. Miaka 20 kabla yake, Ernest Shackleton aliibeba Britannica ndani ya meli yake Endurance. Katika picha iliyopigwa mwaka 1915 inaonekana rafuni chumbani kwake. Meli ilipopondwa na barafu, juzuu chache ziliokolewa, nazo zikawa mahakama ya kuamulia mabishano ya wanaume 28 wasiokuwa na pa kwenda. Husimuliwa pia kwamba kurasa nyingine ziliishia kuwashia viko.

Walioruka, waliorudia

George Bernard Shaw alisema alisoma toleo la 9 lote isipokuwa makala za sayansi. Kwa kosa hilo anaondolewa mashindanoni, na si kwa sababu ya kanuni tu. Toleo la 9, lililotoka kati ya 1875 na 1889 katika juzuu 24 pamoja na faharasa, lilijaliwa wanasayansi kuliko toleo lolote la kabla yake. James Clerk Maxwell ndiye aliyeandika kuhusu atomu. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliandika kuhusu joto. Thomas Huxley aliandika kuhusu biolojia. Shaw alikula wali akaacha nyama.

Mjukuu wa huyo Huxley, Aldous, mwandishi wa riwaya, alikuwa akisafiri na Britannica kwenye sanduku maalumu, naye Bertrand Russell alimtania kwamba ukisikiliza mazungumzo yake ya siku utajua amefikia juzuu ipi. Kama leo ni milima ya Alps na Andes, kesho ni Himalaya. Sina hakika kwamba aliimaliza, lakini ningependa kukaa naye mezani wiki ya herufi K.

Watu wawili wanatajwa kuwa wamesoma matoleo mawili tofauti ya Britannica. Mmoja ni C. S. Forester, mtunzi wa riwaya za nahodha Hornblower. Mwingine si maarufu: Amos Urban Shirk, mfanyabiashara wa Marekani. Shirk alisoma toleo la 11, lile la 1910 na 1911, kwa miaka minne na nusu, wastani wa saa tatu kila jioni baada ya kazi. Halafu, toleo la 14 lilipotoka, akaanza upya, na akatoa maoni yake kwamba ni bora zaidi kwa sababu sehemu kubwa imeandikwa upya. Ni maoni ambayo duniani kote watu wasiofika watano walikuwa na haki ya kuyatoa.

Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu za Shirk. Saa tatu kwa siku kwa miaka minne na nusu ni saa 4,900 na ushei. Toleo la 11 lina maneno kama milioni 40. Ukigawanya unapata maneno kama 135 kwa dakika, kasi ya mtu anayesoma polepole, anayerudia sentensi, anayesimama kutazama ramani. Hakuandika kitabu kuhusu jambo hilo. Hakuwa na mkataba na mchapishaji, wala kamera, wala dau. Alirudi nyumbani, akala, akafungua alipoishia. Kwa maoni yangu bingwa wa wote ni huyu, na jina lake ningependa lijulikane kuliko la Shah.

Mwenye kasi

Anayejulikana kuliko wote siku hizi ni A. J. Jacobs, aliyekuwa mhariri wa jarida la Esquire la New York alipoamua kusoma Britannica ya mwaka 2002: juzuu 32, kurasa kama 33,000, makala 65,000, maneno milioni 44. Baba yake aliwahi kujaribu na kukwama ndani ya B, kwenye Borneo au karibu na hapo. Jacobs alianza kwenye a-ak, muziki wa kale wa kasri za kifalme za Asia ya Mashariki, na akafika Żywiec, mji wa Poland. Kitabu chake kilitoka mwaka 2004.

Kwa kasi ya kawaida ya maneno 250 kwa dakika, maneno milioni 44 ni saa 2,933. Mwenye kusoma saa nane kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, anamaliza baada ya siku 367. Jacobs alikuwa na ajira, alikuwa na mke, na walikuwa wakihangaika kupata mtoto. Yeye mwenyewe anakiri kwamba kuna siku macho yalitembea na akili ikabaki nyuma. Mkewe aliweka faini ya dola moja kwa kila jambo lisilohusika alilochomeka katika mazungumzo. Ninamwelewa mama huyo. Nimewahi kukaa ndani ya basi la usiku na jirani aliyekuwa amesoma kitabu kimoja tu kuhusu nyuki, na tulipofika nilikuwa tayari kulipa mimi.

Jambo ninalolipenda zaidi katika kisa chake lilitokea kwenye televisheni. Alikwenda kwenye mchezo wa Who Wants to Be a Millionaire, na swali lililomwangusha, la dola 32,000, lilihusu erithrosaiti. Ni seli nyekundu ya damu. Imo kwenye E, na E alikuwa ameshaipita. Wakosoaji walimcheka, na mhakiki wa New York Times alikichanachana kitabu chake. Kwangu mimi swali hilo moja lina ukweli mwingi kuhusu kusoma kwa alfabeti: mambo 65,000 yasiyoshikana yanaingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine, kwa sababu kinachofuata seli ya damu ni kitu kisichohusiana nayo hata kidogo.

Na Britannica yake ilikuwa na hila nyingine. Sehemu kubwa ya toleo hilo, la 15, iligawanywa: juzuu 12 za makala fupi kutoka A hadi Z, kisha juzuu 17 za makala ndefu, tena kutoka A hadi Z. Msomaji anayekwenda kwa mpangilio wa rafu anafika Z akiwa hajafika hata nusu ya njia, na juzuu inayofuata inaanza A. Ndani ya zile juzuu 17 mna makala kama 700 tu, na moja kati ya hizo, ile ya Marekani, ina kurasa 310. Migongo ya juzuu za sehemu zote mbili imeandikwa neno la kwanza na la mwisho la kila juzuu, hivyo ukisimama mbele ya rafu unasoma majina ya ajabu: Chicago Death, Excretion Geometry, Freon Hölderlin, Menage Ottawa. Mtu angeweza kudhani ni majina ya bendi.

Zilizowashinda watu wote

Hadi hapa tumezungumzia vitabu vinavyomalizika. Viko visivyomalizika.

Ensaiklopidia ya karatasi kubwa kuliko zote ni ile ya Yongle, iliyoandikwa kwa mkono China kati ya 1403 na 1408 na wanazuoni zaidi ya 2,000. Ilikuwa na sura 22,937, zikajalidiwa juzuu 11,095, na herufi zinazokadiriwa kuwa milioni 370. Kwa kasi ya Taizong ya herufi 14,000 kwa siku, msomaji angehitaji miaka 72. Ilikuwa kubwa mno hata kuichapa ikashindikana. Karne iliyofuata ilinakiliwa mara moja kwa mkono, na hiyo ndiyo nakala iliyosalia kidogo. Ya asili ilitoweka, nakala ikaliwa na moto, wezi na vita, hasa moto wa Beijing wa mwaka 1900. Leo zimebaki juzuu kama 400, zimetawanyika duniani. Mwaka 2020 mbili kati ya hizo ziliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya yuro milioni 6, ilhali kadirio la awali halikufika hata 10,000. Sidhani kama kuna anayezisoma.

Iliyochapwa kubwa kuliko zote kwa zama zake ni ya China pia, Gujin Tushu Jicheng ya mwaka 1726: sura 10,000, juzuu zaidi ya 5,000, herufi milioni 100, zilizopangwa kwa herufi za shaba moja moja. Nakala zilizotolewa ni kama 60 tu. Kwa kasi ileile ni miaka 20 kasoro miezi.

Wajerumani wana taji la subira. Johann Georg Krünitz, daktari wa Berlin, alianza ensaiklopidia ya uchumi mwaka 1773, na juzuu ya mwisho, ya 242, ilitoka mwaka 1858. Kijana wa miaka 20 aliyenunua ya kwanza angehitaji kufikisha 105 ili anunue ya mwisho. Krünitz mwenyewe alifariki mwaka 1796 akiwa kwenye juzuu ya 73, na husemwa kwamba makala aliyokuwa akiiandika ilikuwa ya neno "maiti". Ingekuwa riwaya ningesema mtunzi amezidisha.

Wenzake Ersch na Gruber walifanya makubwa zaidi na hawakumaliza. Kuanzia 1818 hadi 1889 zilitoka juzuu 167, kisha kazi ikaachwa. A hadi G ilikamilika, H ikaenda hadi ndani ya L, O hadi ndani ya P, basi. Msomaji mwaminifu angekwama L na kulazimika kuruka shimo. Ndani yake mna makala ndefu kuliko zote ninazozijua katika ensaiklopidia yoyote: Ugiriki, juzuu nane, kurasa 3,668. Huo ni mwaka mzima wa Ugiriki kwa kurasa kumi kila siku, na bado unahitaji A hadi F nyuma yako.

Anayetaka jambo la saizi ya binadamu, na anayesoma Kiarabu, anaweza kumwendea al-Nuwayri, karani wa dola ya Mamluki aliyeacha kazi serikalini Misri na kuandika peke yake ensaiklopidia ambayo ikichapwa inajaza juzuu 33, kurasa zaidi ya 9,000. Alifariki mwaka 1333. Ameanza na mbingu na ardhi, akaja kwa binadamu, wanyama, mimea, kisha historia. Hakufuata alfabeti. Mambo yanashikana, na anayeisoma kwa mfululizo hapotezi seli zake nyekundu njiani.

Wa kamusi

Kuna ukoo wa karibu ambao siwezi kuuacha nje. Ammon Shea wa New York alisoma Oxford English Dictionary, juzuu 20, kurasa 21,730, ndani ya mwaka mmoja, sehemu kubwa akiwa chini ya ardhi kwenye maktaba ya chuo. Hizo ni kurasa 60 kwa siku za maandishi madogo kuliko ya dawa. Maumivu ya kichwa aliyoyapata ameyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 2008.

Malcolm X alikwenda mbali zaidi yake kwa namna moja: hakusoma tu, alinakili. Akiwa mfungwa katika jela ya Norfolk, Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya 1940, aliomba kamusi, madaftari na penseli. Ukurasa wa kwanza ulimchukua siku nzima, kwa mwandiko wake mbovu, hadi alama za vituo. Kesho yake akajisomea kwa sauti alichoandika na kugundua kwamba anakikumbuka. Neno lililomkaa akilini lilikuwa aardvark, yaani muhanga, mnyama wa Afrika anayechimba vichuguu na kula mchwa, ambaye kamusi ilimchorea picha. Aliendelea hadi kamusi nzima ikaisha. Huyu, tofauti na Jacobs, alikuwa na njaa ya kila neno, na matokeo yake yalisikika kwenye kila jukwaa alilosimama.

Upande wetu, kitabu kinachostahili msomaji wa aina hii ni kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Charles Sacleux, iliyochapwa Paris mwaka 1939. Sacleux alikuwa mmisionari aliyefika pwani yetu mwaka 1879, akakaa Zanzibar na Bagamoyo, akakusanya mimea kwa bidii kiasi kwamba jenasi moja ya mimea imepewa jina lake. Kamusi yake ina kurasa zaidi ya 1,100, imejaa samaki, miti na lahaja. Kwa kasi ya Shea ni kazi ya siku 19. Kwa kasi ya Malcolm X ni miaka mitatu, na ningempa taji papo hapo mtu atakayeifanya.

Aliyelipwa vizuri kuliko wote kwa kazi kama hii hakuwahi kuishi. Jabez Wilson, katika hadithi ya Sherlock Holmes ya mwaka 1891, alikuwa mwenye duka la rehani mwenye nywele nyekundu aliyepewa pauni nne kwa wiki ili aketi ofisini akinakili Britannica. Alifanya wiki nane, bado yumo ndani ya A, akitarajia B kwa hamu. Waliomwajiri walikuwa wezi. Walitaka asiwepo dukani wakati wanachimba njia ya chini kwa chini kuelekea benki. Mtunzi wa hadithi hiyo, Conan Doyle, alijua kwamba hakuna shughuli nyingine inayomweka mtu mbali na nyumbani kwa uhakika namna hiyo.

Seti za mwisho

Britannica ya mwisho ya karatasi ilichapwa mwaka 2010: juzuu 32, uzito wa kilo 58 na nusu, bei dola 1,395. Machi 2012 kampuni ikatangaza kwamba haitachapa tena, baada ya miaka 244. Mwaka 1990 ilikuwa imeuza seti 120,000 Marekani. Za 2010 zilichapwa 12,000 tu, na wakati wa tangazo hilo 4,000 zilikuwa bado ghalani. Tangazo lilipotoka ndipo watu walipokimbilia kununua.

Mwaka 2015 msanii Michael Mandiberg alitengeneza programu ya kuipanga Wikipedia yote ya Kiingereza katika sura ya vitabu. Ilitoka juzuu 7,473 za kurasa 700 kila moja, na juzuu 91 kati ya hizo ni yaliyomo peke yake. Alichapa 106 tu kwa ajili ya maonyesho New York, na ukuta uliobaki akaupamba kwa picha za migongo ya vitabu. Makala zilikuwa zikibadilishwa hata kabla wino haujakauka, kwa hiyo mtu wa kuisoma yote hawezi kuwapo hata kwa nadharia.

Inayochapwa bado ni World Book ya Chicago, juzuu 22, kurasa zaidi ya 14,000, iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi. Kurasa 40 kwa siku zinaimaliza ndani ya mwaka. Na anayetaka kuanza kidogo kabisa kuna Britannica ya kwanza yenyewe, ya Edinburgh, 1768 hadi 1771, iliyonakiliwa upya na kuchapwa mwaka 1968. Ina juzuu tatu. Ya kwanza ni A na B tu. Ya pili ni C hadi L. Ya tatu inabana M hadi Z. Mhariri wake, William Smellie, alikuwa na miaka ishirini na kitu, na anayesoma anaona wazi mahali alipoanza kuharakisha.